Gurudumu la Athuman

Upepo wa kipupwe uliwakuta katikati ya maji ya Bahi, mashua imejaa chumvi mpaka ukingoni, na mashine ikakata pumzi papo hapo. Ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, kisha kimya. Upepo ukaikamata mashua ubavuni kama mbwa aliyekamata mbuzi, ukaiburura, ukaichomeka pua ndani ya matete.

"Imekula majani," alisema fundi Athuman. "Matonya, shuka ukayatoe."

Matonya alikuwa mchunga ng'ombe wa Kigogo, mtu mzima mwenye mabega kama mlango. Alijifunga kamba kiunoni, akashuka. Mara tope likamfika kifuani. Zaitun, mke wa Athuman, akaizungusha kamba kwenye chuma cha mashua na kuishikilia kwa nguvu zake zote.

"Shemeji," Matonya akamwambia huku anatweta, "huku chini hakuna chini!"

Akayachomoa majani kwenye pangaboi linalosukuma mashua, akatoa na tope lililoziba mrija wa maji ya kupoza mashine. Alipopandishwa alikuwa mweusi mwili mzima, meno tu ndiyo yalionekana.

Mwaka ule reli ya Wadachi ilikuwa imekwisha kupita Bahi. Mdachi mmoja mfanyabiashara akanunua mashua ya dizeli, ikaja kwa treni ndani ya sanduku, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Merikebu Ugogo, nchi ya vumbi! Lakini masika yakinyesha, bonde la Bahi hugeuka bahari, na ng'ambo ya pili kuna chumvi. Mdachi akamwajiri Athuman, Mrangi wa Kondoa aliyezijua mashine tangu siku za kujenga reli, akampa na Matonya ajifunze kazi.

Kujifunza? Matonya alijifunza kusugua. Alisugua shaba, alipaka grisi, alichuja mafuta kwa kitambaa. Lakini ukifika wakati wa kuiwasha, Athuman humwambia, "Geuza uso." Naye hugeuza, mtu mzima na ndevu zake, atazame maji.

"Fundi," aliuliza siku moja, "hii ni mashine au mkeo? Maana mkeo humfichi hivi."

Zaitun alicheka. Athuman hakucheka. Siri ile ya kuwasha aliiiba kwa mafundi wa reli kwa jicho la pembeni, miaka mitatu ya makofi na mateke. Aliyajua maneno ya yule Mdachi: mashua moja, fundi mmoja. Zaitun peke yake ndiye aliyeona, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika taa ya moto ya kupasha kichwa cha mashine mpaka kiive chekundu. Kwa hiyo mumewe alimshikisha msahafu, akamwapisha: hutasema.

Basi siku ile ya upepo, Zaitun akapasha. Matonya akageuza uso. Athuman akaushika mpini wa gurudumu zito la chuma linaloiwasha mashine, mikono imelowa, hasira zimempanda. Mashine ikaruka. Gurudumu likarudi kwa nguvu, likamchota, likamtupa juu ya vibuyu vya maji ya kunywa.

Matonya alipogeuka aliona mkono wa kulia wa fundi umekunjika mahali pasipokuwa na kiwiko, mfupa umetoka nje, mweupe kama muhogo uliomenywa. Kibuyu kimoja kilikuwa kimepasuka. Maji yake yalikwisha kunywewa na magunia ya chumvi.

Zaitun alirarua kanga, akaufunga mkono kwa vipande vya sanduku. Athuman aliuma kamba, hakulia.

Matonya akachukua upondo, akasukuma mara moja tu. Tope likaumeza upondo, likagoma kuurudisha.

Siku ya pili walibaki na maji ya kulowanisha ulimi. Maji yaliyowazunguka, machungu kama magadi, yalikuwa yakipungua kwa jua; matete yaliyokuwa yamelala jana leo yalisimama. Matonya akatupa magunia yote ya chumvi, moja baada ya jingine, mpaka mashua ikaelea ikajitoa kwenye matete. Ikaelea, basi. Kwenda haikwenda. Mbali kule, ukingoni mwa mbingu, moshi wa treni ulipita taratibu. Walipiga kelele. Moshi hauna masikio.

"Fundi, nionyeshe," Matonya alisema. "Mikono yangu ndiyo mizima."

"Nitaiwasha mwenyewe. Wa kushoto upo."

Alijaribu. Gurudumu halikusogea hata unene wa ukucha. Akaanguka, akatapika nyongo.

Matonya akajaribu kwa akili zake, bila hata kichwa kupashwa vizuri. Alilisukuma gurudumu kuelekea mbele, kule alikojua huwa linazunguka. Lilizunguka kwa uvivu, likasimama. Akasukuma mpaka viganja vikachunika. Mafuta ya taa ya moto yalibaki ya kupasha mara moja tu, na kila mmoja alilijua hilo.

Siku ya tatu asubuhi mkono ulianza kunuka. Nzi walitoka Mungu anajua wapi, wakautafuta. Vidole vilikuwa vyeusi.

Zaitun aliinama kwenye sikio la mumewe. "Baba, mwambie. Utakufa."

"Akijua, Mdachi atanihitajia nini? Mkono mmoja na njaa? Nani atakulisha?"

"Nitalima."

"Uliapa, Zaitun."

"Niliapa."

"Basi nyamaza."

Alimlowanisha midomo kwa tone la mwisho, kibuyu kikalia kikavu. Alimtazama Matonya, aliyelala chali na midomo imepasuka, mtu asiyekuwa na kosa lolote ila kutii kila alipoambiwa ageuze uso. Kisha akaiwasha taa ya moto.

"Unafanya nini?" Athuman aliuliza.

"Nasikia baridi."

Akaielekeza taa kwenye kichwa cha mashine. Moto ukavuma. Chuma kikaanza kuona haya, wekundu ukapanda polepole. Akakipiga kibomba cha mafuta mara tatu kwa kidole, kama anayefukuza nzi tu.

"Matonya," akaita. "Kitendawili!"

Matonya alifumbua jicho moja. Alidhani jua limemwingia shemeji yake kichwani. "Shemeji, mate yenyewe sina."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Mgomvi wangu akitaka kuja mbele, kwanza hurudi nyuma."

Loo! Kumuuliza hivyo mtu aliyelala zizini tangu utotoni! "Kondoo dume," Matonya akajibu, hata hakufikiri. "Akitaka kupiga kichwa hurudi..."

Akaketi. Akaligeukia gurudumu, akalitazama kama anayeliona leo.

"Zaitun!" Athuman alipiga kelele, sauti imekauka kama bua. "Umesema!"

"Sijasema. Nimetega kitendawili. Siku hizi vimekatazwa?"

Matonya alikuwa amekwisha kusimama. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akalivuta gurudumu kinyume, kuelekea nyuma. Akahisi ndani ya chuma kitu kinajikusanya, kinamsukuma, kinataka kutoka. Akakita miguu, akavuta zaidi, vidole vimeukaza mpini.

Zaitun aliona vile vidole. Vya mumewe navyo vilichelewa hivyo hivyo kuuachia mpini juzi. Alimtazama Athuman, na Athuman alikuwa macho, anaona yote, anajua yote. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa anangoja.

"Achia!" Zaitun akapaza sauti. "Achia sasa!"

Matonya akaachia. Mpini ulimpita puani kwa upepo mkali. Mashine ikapiga chafya, gurudumu likageuka lenyewe, likashika njia yake ya mbele. Tuk. Tuk. Tuk-tuk-tuk. Mashua ikatetemeka mpaka mbao zikalia.

Athuman aliugeuzia ubao uso wake.

Walielekea kule ulikopita moshi wa treni. Matonya alishika usukani, Zaitun akalala kifudifudi mbele, akiutumia ubao wa sanduku kupima kina na kuondoa matete. Mara mbili mashua ilikwaruza tope, mara mbili ikapita. Kila mara mrija wa maji ulipoacha kutema, Matonya aliuvuta kwa mdomo, akatema tope na damu pamoja. Jua lilipokuwa linaegemea waliliona bati la stesheni ya Bahi, kisha watu, kisha mikono ya watu.

Yule Mdachi aliingia majini na viatu vyake. Aliutazama mkono wa Athuman, akageuza kichwa. Aliitazama mashua isiyokuwa na chumvi, akatukana kwa lugha yake. Kisha akaisikiliza mashine inavyopiga.

"Nani ameiwasha?"

Matonya alitazama chini. Viganja vyake vilivyochunika vilikuwa bado kwenye usukani.

"Kesho utakuja wewe," Mdachi akamwambia. Akawaita watu wa machela. "Huyu apelekwe kwa daktari wa reli. Mkono huo hauponi, utakatwa."

Athuman alilazwa kwenye machela. Zaitun alichota maji matamu kwenye pipa la stesheni, akapiga magoti, akamnywesha kidogo kidogo asije akapaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajanywa. Athuman alimaliza bilauri nzima.

"Alipokuwa anauvuta ule mpini," Zaitun alimuuliza kwa sauti ya chini, "ulikuwa unangoja nini?"

"Zaitun binti Abbasi," Athuman akasema, na maji yalikuwa bado yanamchuruzika kidevuni. "Nimekuacha. Talaka moja. Mbili. Tatu."

Wabeba machela walitazamana. Matonya, ambaye alikuwa amefika nyuma yao, alivua kofia yake ya ukindu, asijue aishike wapi.

Zaitun aliweka mkono juu ya kifua cha Athuman, akausikia moyo wake unavyopiga, mzito, wenye hasira. Akainuka, akajikung'uta tope lililokauka magotini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Maiti hatoi talaka."

Akaenda kwenye pipa, naye akanywa.