Shaba Isiyoungua

Shangazi yangu husuka upya waya za mota zilizoungua, za pampu na feni. Si mtu wa kuongopa, na haya alinisimulia mara moja tu.

Mumewe aliupenda umeme kama wengine wanavyopenda mpira. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye meza ya jikoni akimalizia transfoma yake: chuma cha duara kilichozungushiwa waya wa shaba, na juu yake kipande cha kaboni kilichoteleza ukizungusha kitufe, volti zikapanda au kushuka. Alitaka kurusha cheche ndefu kama radi, hapo hapo mezani. Majirani walimtania, "Mvua ikigoma tutakuja kwako."

"Shaba umeitoa wapi?" shangazi akauliza.

"Kwenye mota ya mashine ya mama. Si iliungua?"

Mama mkwe wa shangazi alikuwa akipumulia mashine ya oksijeni. Mashine ikaungua ikazimika, naye akazimika. Ndivyo watu walivyoambiwa msibani. Shangazi akapitisha kidole kwenye waya. Shaba ya mota iliyoungua huwa nyeusi, tena hunuka. Hii iling'aa.

"Mume wangu, hii haikuungua."

Mume hakuinua uso. "Alikuwa wa kufa tu," akanong'ona. "Kama si leo, kesho."

Akachomeka plagi. Akazungusha kitufe.

Transfoma ikavuma. Ikanyamaza. Ikavuma tena, kwa taabu, kama mtu anayevuta hewa kwa mrija mwembamba. Mume akarudisha kitufe kwenye sifuri. Sauti haikukoma. Shangazi akachomoa plagi, akabaki nayo mkononi.

Transfoma ikavuta pumzi.

Kitufe kikaanza kuzunguka chenyewe. Polepole. Kikapanda. Mume akakishika akizuie. Vidole vikaganda. Hakukuwa na cheche. Midomo ikageuka buluu.

"Mama," akasema. "Basi."

Kifua kikatulia.

Hospitali walisema ni moyo. Shangazi hakubisha, angemwambia nani? Ndugu walimzika ubavuni mwa mama yake, na mpaka leo kila anayempa shangazi pole humsifu marehemu kwa jinsi alivyomuuguza mama yake. Shangazi huitikia, "Asante."

Nyumba aliihama, transfoma akaiacha mezani, na mafundi wa umeme wakakata waya kule nguzoni. Juzi nilipita pale mchana. Milango imefungwa, nyasi zimefika madirishani. Nikachungulia mita ukutani, ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka umeme unapotumika.

Kisahani kilikuwa kinazunguka.