Harufu ya Kabichi

Asubuhi za Keroka huwa na ukungu, baridi na malori. Malori ya kabichi hufika kabla jua halijachomoza na kushusha mizigo kando ya soko. Kabichi zilizopondeka hutupwa mtaroni, nazo huozea humo humo. Wageni wakipita hapo huziba pua. Wenyeji wamekwisha kuzoea, na hata mtoto mdogo ukimwuliza kunanuka nini, atakujibu bila kufikiri kwamba ni kabichi.

Janat, msichana wa miaka kumi na miwili, aliishi nyuma ya soko hilo pamoja na wazazi wake na Sabir, mdogo wake wa miaka minne. Baba yake aliuza viatu Kisii mjini na kurudi jioni. Mama yake, Bi Ubah, alioka keki za kuuza. Zamani alizioka kwa makaa, moto juu, moto chini, macho mekundu kwa moshi. Mwezi uliopita hatimaye alipata oveni ya gesi, na mtaa mzima ulikuja kuitazama.

Siku ya kuiunganisha, fundi Odero aliwaita wote jikoni. Aliwaonyesha paipu iliyotoka kwenye mtungi wa gesi na kuingia nyuma ya oveni, na pale mwisho wake, klipu ya chuma iliyoibana.

"Klipu hii mnaiona ndogo, lakini ndiyo askari wenu," alisema. "Oveni isivutwe na mtu mmoja, paipu itachomoka. Na gesi ni nzito, haipandi juu kama moshi. Inatambaa chini kama maji. Mkisikia harufu kama ya kitu kilichooza, msiwashe chochote."

Mama akaongeza sheria yake. Janat aliruhusiwa kuisafisha oveni, lakini asiivute mpaka mama mwenyewe awepo.

Jumamosi moja mama alitoka na Sabir kwenda kupeleka keki kwa wateja. Siku iliyofuata kulikuwa na arusi Suneka, na keki ya arusi hiyo ilikuwa juu yake. Janat aliachiwa kazi ya kusafisha oveni. Janat alikuwa mchapakazi, hilo tusimnyime. Alifunga mtungi kwanza. Alihakikisha oveni imepoa, akatoa trei, akaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kuta za ndani alizisugua kwa kitambaa kibichi, na vile vitundu vya kutolea moto akavipangusa kwa kitambaa kikavu bila kuvimwagia maji. Kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Lakini alichungulia nyuma ya oveni akaona mafuta yaliyoganda na mende wawili. Wakati huo huo rafiki yake Kwamboka akatokeza kichwa dirishani.

"Janat, bado tu? Kocha anasema asiyekuja leo mazoezini hachezi mechi ya Nyaramba."

"Nakuja, nakuja. Dakika moja tu."

Mama angechelewa kurudi na netiboli haingemngoja. Janat akaishika oveni kwa mikono miwili na kuivuta. Ilikataa. Akaivuta tena kwa nguvu zake zote. Paipu ikakazika, kitu kikalia ta, na klipu ikakatika. Paipu ikachomoka na kuning'inia.

Janat aliokota klipu, akajaribu kuikunja irudi, ikavunjika vipande viwili. Aliirudisha paipu mahali pake kwa kuisukuma, kisha akatafuta cha kuifungia. Sasa, Keroka hakuna kisichofungwa kwa blada, ule ukanda wa mpira unaokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu. Blada hufunga kreti za soda kwenye bodaboda, hufunga milango ya mabanda ya kuku, na hata kandambili ya Sabir ilikuwa imefungwa kwa blada. Kipande kimoja kilining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Janat akakizungusha kwenye paipu, akakikaza kwa meno, akaivuta paipu kidogo. Haikutoka.

Akairudisha oveni polepole. Akafungua mtungi, akatega sikio, hakusikia kitu. Akauacha wazi ili mama akute kila kitu tayari, na akatoka mbio. Habari ya klipu aliamua kuisema jioni. Jioni ni mahali pazuri sana pa kuwekea mambo magumu.

Aliporudi, mama alikuwa jikoni akipepeta unga, leso mkononi, kwa maana mafua ya baridi yalikuwa yamemshika tangu juzi. Sabir alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, akiliendesha gari lake la pakiti ya maziwa.

"Mama, huku chini kunanuka," Sabir alisema.

Mama alivuta pua iliyoziba. "Mimi sisikii kitu. Janat, hebu wewe."

Janat akainama. Harufu ilikuwepo. Ilikuwa nyepesi, ya kitu kilichooza. Maneno ya fundi Odero yalimjia, na papo hapo ikamjia sura ya mama akiuliza nani aliyeivuta oveni.

"Ni kabichi," alisema. "Zile za mtaroni. Leo upepo unakuja huku."

Ukimwuliza Janat leo, atakwambia hakujua. Akikaa kidogo, ataongeza kwamba hakutaka kujua.

"Kabichi hizi zitaingia kwenye keki ya watu," mama alinung'unika. Akafunga dirisha kwa komeo. Akakunja gunia na kulisukuma chini ya mlango wa nyuma ili harufu isipenye. "Kimbia kwa Gladys uniletee trei ya mayai. Nikishaswali adhuhuri nawasha oveni. Sabir, baki hapo hapo, na usiguse unga wangu."

Kibanda cha Gladys cha mayai kilikuwa sokoni, hatua chache tu kutoka kwenye mtaro wa kabichi. Janat alisimama pale akingoja Gladys ampangie mayai. Kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa sawa, na ilimchukua muda kukitambua. Hata wageni hawakuziba pua. Aligeuka akatazama mtaro. Ulikuwa umefagiliwa na kuoshwa, saruji yake bado ina majimaji.

"Mama Gladys, kabichi zilizooza ziko wapi?"

"Zilizolewa jana jioni zote, na leo malori ya kabichi hayakuja," Gladys alijibu akicheka. "Leo na sisi tunapumua kama watu. Kwani ulikuwa unazitaka?"

Janat hakucheka. Kama kabichi ziliondoka jana, ile harufu sakafuni ilitoka wapi? Alijua ilikotoka. Na hapo ndipo adhana ya adhuhuri ilipoanza kusikika msikitini.

"Naomba simu yako, tafadhali. Nimpigie mama."

Gladys alimpa. Simu ya mama haikupatikana. Mama huizima kila anapotaka kuswali. Janat akairudisha simu na kukimbia.

"Na mayai, wewe mtoto?" Gladys aliita nyuma yake.

Alikimbia katikati ya magunia ya viazi na watu wenye mizigo. Lori moja lilikuwa likirudi kinyumenyume na kuziba njia nzima, utingo akipiga ubao wake. Janat alijibana ukutani akisubiri, machozi yakimlengalenga. Alimfikiria Sabir sakafuni. Alifikiria pia atakachosema. Akisema tu kwamba kuna gesi, mama atamwuliza, si ulisema kabichi? Uongo wake ulikuwa umefika nyumbani kabla yake na kuketi kitini. Lori likapita, naye akakimbia tena.

Sebuleni, mkeka wa kuswalia ulikuwa umekwisha kukunjwa.

Mama alikuwa ameinama mbele ya oveni, mlango wake wazi. Mkono mmoja ulishika kiberiti, mwingine njiti. Sabir alikuwa chini ya meza.

"Mama, usiwashe."

"Unahema hivyo una nini? Mayai yako wapi?"

"Weka kiberiti, Mama. Ni gesi."

"Gesi gani tena? Si wewe uliyesema ni kabichi?" Njiti ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti.

"Nilikudanganya. Mtaroni hakuna kabichi. Niliivuta oveni peke yangu, klipu ikakatika, nikafunga paipu kwa blada."

Mama aliirudisha njiti ndani ya kiberiti polepole, akakitia mfukoni, akanyoosha mkono na kuufunga mtungi. Akamvuta Sabir kutoka chini ya meza. Kwa kuwa jikoni kulikuwa na giza, dirisha likiwa limefungwa, Janat alinyoosha mkono awashe taa apate kuona njia.

"Usiguse swichi," mama alisema kwa sauti ya chini. "Cheche moja inatosha. Toa hilo gunia, fungua mlango wa nyuma."

Mama alifungua dirisha. Janat alivuta gunia na kusukuma mlango. Barazani, karibu kabisa na kizingiti, jirani yao Benter alikuwa akipepea jiko la makaa. Benter alikuwa fundi cherehani kutoka Homa Bay, na mtaa ulimwita Mama Calvince. Cheche zilikuwa zikiruka. Gesi ni nzito, alisema fundi Odero, inatambaa chini kama maji. Na sasa mlango ulikuwa wazi.

"Mama Calvince, zima jiko," mama aliita. "Kuna gesi humu."

Benter hakuuliza swali. Alinyakua sufuria yake ya maji ya ugali na kuyamimina yote juu ya makaa. Mvuke ukampanda usoni.

"Yawa," alimaka kwa Kijaluo akirudi nyuma. "Tokeni huko, tokeni nyote."

Walisimama karibu na lango, Sabir mgongoni kwa Benter, upepo wa baridi ukiingia mlangoni na kutokea dirishani. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi ndani. Mama alimpigia fundi Odero kutoka huko huko nje. Alipomaliza kuzungumza, alimchukua Sabir kutoka mgongoni kwa Benter na kumkumbatia kwa nguvu.

Fundi Odero alifika na boksi lake, akangoja mpaka harufu yote iishe. Yeye na mama waliisogeza oveni pamoja. Alipaka povu la sabuni pale penye blada, akafungua mtungi kidogo sana. Mapovu yakavimba, moja juu ya jingine, yakipasuka na kuota tena. Akaufunga mtungi.

"Blada ni ya kreti," alimwambia Janat. "Gesi haifungwi kama soda."

Alitoa paipu ile, akaweka mpya na klipu mpya, kisha akampa Janat povu apake mwenyewe. Janat alitazama mpaka macho yakamuuma. Hakuna povu lililovimba.

Fundi alipoondoka, mama alimketisha Janat kwenye ngazi ya nyuma. Janat alikuwa amejiandaa kupigiwa kelele. Mama hakupiga kelele.

"Klipu inauzwa dukani," alisema. "Oveni ikiharibika, nitarudi kwenye makaa yangu. Lakini mimi nilifunga lile dirisha kwa neno lako, Janat. Niliziba mlango kwa neno lako, nikamwacha mwanangu sakafuni kwa neno lako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Leo kilio kilifika mpaka mlangoni kwetu."

Janat alilia. Mama alimwacha alie, kisha akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Ukivunja kitu, uniambie saa ile ile. Nitakasirika. Nitasema mpaka usiku, unanijua. Lakini hasira yangu haijawahi kumuunguza mtu. Na leo ulipokuja, ulisema ukweli wote, hukuukata nusu. Ndiyo maana tuko hapa tunazungumza."

Keki ya arusi iliiva usiku na ilifika Suneka salama. Janat hakwenda Nyaramba. Alikaa nyumbani akaosha trei, na hakulalamika.

Jumamosi iliyofuata malori yalileta kabichi kama kawaida. Mama alikuwa ameinama mbele ya oveni, kiberiti mkononi, mara Sabir akanusa hewa.

"Mama, kunanuka."

Mama alimgeukia Janat. "Ni nini?"

Janat alipiga magoti akanusa sakafu kutoka ukutani hadi ukutani. Alipaka povu kwenye klipu na kulitazama. Alitoka nje, akaenda mpaka mtaroni, akarudi na tope kwenye viatu.

"Ni kabichi, Mama," alisema. "Nimeziona."

Mama alimtazama usoni kidogo. Kisha akawasha kiberiti.