Kibanda cha Sylvance

Mambo haya yaliwapata jirani zangu hapa Komarock, watu tunaoshiriki nao ukuta mmoja, na hata sasa nikiyasimulia bado nina hasira. Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Truphena, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Sylvance, alikuwa mlangoni akichambua mboga za sukuma. Mimi nilikuwa sebuleni mwake nikimfundisha mwanawe Frankline namna ya kubaki hai.

Nasema kubaki hai ndani ya mchezo wa kompyuta. Ni ule wa mazombi, ambamo unaanza mikono mitupu na kutengeneza kila kitu mwenyewe: rungu, kisu, maji safi, mahali pa kulala. Wachezaji huuongezea vitu vyao, wanaviita mod, na kaka mkubwa wa Frankline, marehemu Sylvance, alikuwa ameuongezea Eastlands yote, huu upande wetu wa jiji. Barabara ya Kangundo ilikuwemo, Mathare na mto wake, hata nyumba za udongo mwekundu za kwao kijijini Alego alizipachika huko nyuma ya Komarock kwa sababu alipenda kuziona. Mle ukifa umekufa, unafutwa. Dunia yenyewe ilikaa kwenye kompyuta ya mbali, ikaendelea hata sisi tukizima zetu, na wenye neno la kuingilia tulikuwa watatu tu: Sylvance, Frankline na mimi.

Nilimwambia Frankline mambo mepesi kabisa. Siku ya kwanza hupigani. Siku ya kwanza unaokota: mbao, misumari, matambara ya kufungia vidonda. Maji yoyote unachemsha kwanza. Hukimbii juu ya lami kwa sababu viatu vinasikika, huvunji kioo, huwashi moto giza likiingia. Ukipata pa kulala, pawe padogo, pawe na njia mbili za kutokea.

"Akech, wacha uoga," akanijibu. "Mimi si fala."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alikunywa maji ya mto Mathare jinsi yalivyo, akatapika hadi nguvu zikamwisha. Alivunja dirisha la duka usiku apate soda, mazombi ya mtaa mzima yakamfuata kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa. Mimi niliyekuwa nimemwekea akiba ya misumari nikaitumia yote kumwokoa. Nilitamani kumpiga kofi la kweli.

Halafu akajenga nyumba. Si kijumba cha kujificha, ni nyumba ya kujivunia, mabati mapya na veranda, pale pale kwenye zile nyumba za Alego. Hapo nikaacha kupiga kelele, kwa sababu kilichonijia akilini hakikuwa cha mchezo tena.

"Frankline," nikamwambia polepole, mama yake asisikie. "Kaka yako hakuwahi kujenga."

"Hii ni game tu, Akech."

Kwetu Wajaluo mdogo hatangulii kujenga kabla ya mkubwa, hata mkubwa awe mlevi, hata awe amepotelea Mombasa. Na kijana akifa bila nyumba, kabla hajazikwa wanaume wa ukoo humjengea kibanda cha haraka, wanawake hukikandika udongo, naye hulala humo usiku wake wa mwisho kama mtu mwenye kwake. Sylvance alianguka kazini kiwandani, moyo ulisimama tu, akiwa bado anasema atajenga Disemba. Maiti ilipofika nyumbani, Truphena, ambaye ameokoka na haoni aibu kulitangaza, aliwakatalia wazee mbele ya watu. Mwanawe ana makao mbinguni, alisema, hajengewi vibanda vya mapepo. Sylvance akalazwa ndani ya hema la kukodi, akazikwa hivyo. Nilikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu si mwanangu, ila nilikasirika hadi nikakosa hamu ya kula.

Sasa turudi kwenye mchezo. Mazombi ya mle hutembea usiku. Lakini mmoja alikuja mchana wa jua kali. Alivaa ovaroli ya bluu ya kiwandani na alikuwa peke yake. Hakugonga mlango wala kuvunja kitu. Aliizunguka nyumba ya Frankline akiweka mguu mbele ya mguu, kisigino kwenye kidole, vile fundi anavyopima kiwanja. Alipofika pembeni alisimama, akaugusa ukuta kwa kiganja, akaendelea.

Juu ya kichwa chake palikuwa na jina. Mazombi hayana majina. Wachezaji ndio wenye majina.

"Usifungue," nikanong'ona.

Jina lilikuwa Sylvance.

"Kuna mtu amehack account ya bro," Frankline akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. Akafungua mlango. Akampiga rungu la kichwa. Yule hakujikinga. Aliushika mkono wa Frankline taratibu kama mtu anayesalimia, akauinamia, akauma. Kisha akaondoka akipima ardhi.

Ukiumwa mle unashikwa na homa, na mstari mwekundu wa uhai unaanza kupungua. Frankline alizima kompyuta kwa hasira. Jumatatu hakuamka kwenda kazini. Alikuwa anachemka. Zahanati walipima malaria, wakapima taifodi, wakapima damu tena, hawakuona kitu. Mchungaji alikuja akakemea hadi sauti ikamkauka. Truphena alifunga bila kula, na kila nilipotaja kibanda alisema, "Shindwe!" Kijana alikuwa anayeyuka mbele ya macho yetu.

Nikafungua mchezo kwenye kompyuta yake, kutazama tu, bila kuingia kwa jina la mtu. Mtu ambaye hajaingia hapungukiwi na kitu mle, anasimama alipoachwa. Mtu wa Frankline alikuwa amelala kwenye sakafu ya ile nyumba ya kujivunia, na mstari wake ulikuwa unapungua. Nilikaa nikiutazama huku nikisikiliza pumzi ya Frankline mwenyewe upande wa pili wa pazia. Pumzi ikikwama, mstari ulikwama. Ikirudi, mstari ulisogea. Ulikuwa umebaki mfupi sana.

Nilimwita Truphena aone. Alitazama mstari, akalitazama lile jina. Yule wa ovaroli alikuwa ameketi nje ya nyumba, mgongo ukutani.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa," akasema chini chini. Halafu: "Fanya. Mimi siangalii."

Nikaingia kwa jina langu. Kama kuna kitu ninachokijua ni kujenga haraka kwa vifaa duni. Nilikata nguzo, nikabomoa veranda ya Frankline nipate misumari, nikachagua mahali pembeni, upande ambao mila humpa mwana mkubwa. Nikasimamisha nguzo ya kwanza. Ikaanguka. Nikaisimamisha tena. Ikaanguka. Nikabadilisha shimo, nikabadilisha nguzo, nikatukana kampuni ya mchezo, nikatukana intaneti. Inaanguka tu! Na mstari unapungua.

Ndipo nikakumbuka, nikajiona mjinga. Mwanamke hasimamishi nguzo ya kwanza. Ni mwanaume wa damu ya marehemu.

Tulimbeba Frankline kutoka kitandani, mimi na mama yake, tukamkalisha kwenye kiti. Shingo haikuwa na nguvu. Niliweka kidole chake kwenye kipanya.

"Bonyeza," nikamwambia sikioni. "Ni ya bro. Bonyeza tu mara moja."

Akabonyeza. Nguzo ikasimama.

Tukamrudisha kitandani, nami nikakimbia na kazi. Nguzo nyingine zikakubali. Fito zikakubali. Paa, mlango. Yule wa ovaroli alikuwa amesimama sasa, karibu, akinitazama nikijenga. Hakunigusa. Ilibaki kukandika, na hiyo ni kazi ya wanawake, sikuhitaji mtu. Nikashuka mtoni na ndoo. Nikajaza udongo. Nikageuka.

Stima ikapotea.

Kelele ilipanda mtaani, watu wakilalamika kila ploti. Mimi sikulalamika. Nilisimama mbele ya skrini nyeusi mikono kichwani. Kompyuta yenyewe haina betri. Nikatoka nje nikapiga simu kwa kila mtu ninayemjua aliye na jenereta. Mmoja hakushika. Mwingine aliniambia ni ya kanisa. Wa tatu alicheka. Nikamlaani Frankline kwa kiburi chake, nikamlaani mchungaji, nikamlaani Mama Sylvance kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Ungekuwa udongo wa siku moja tu. Wanawake wa Alego walikuwa wamekuja na ndoo zao tayari, na yeye akawarudisha!

Nikarudi ndani.

Truphena alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, kichwa cha mwanawe kimelala mapajani mwake. Alikuwa amesinzia. Mikono yake ilikuwa chini ya shuka, imemshika Frankline. Frankline alivuta pumzi. Akanyamaza. Nikangoja. Akavuta nyingine, ndogo. Nilikaa sakafuni nikaziba masikio kwa sababu sikutaka kuisikia ile ambayo haingekuja.

Jua lilikuwa bado halijatua stima iliporudi. Kwa haraka nikakosea neno la kuingilia. Nikakosea tena. Mchezo ukafunguka.

Kibanda kilikuwa kimekandikwa. Kuta zote, hadi kwenye kona chini ya paa ambako wavivu huacha. Juu ya udongo palikuwa na alama za vidole, zile duara zinazopishana ambazo kila mama huziweka kwa namna yake. Mod ile haina alama za vidole, ukuta hutokea ukiwa laini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Yule wa ovaroli hakuwa popote, na kwenye orodha ya walioingia mchana ule palikuwa na jina langu, basi.

Mstari mwekundu ulikuwa umejaa.

"Mama," Frankline akaita nyuma ya pazia, sauti kavu. "Nina njaa."

Nilivuta pazia nikilia na kucheka. Jasho lilikuwa limemtoka, macho yamerudi. Truphena naye alishtuka usingizini, akatoa mikono chini ya shuka amguse uso. Akaisimamisha hewani.

Ilikuwa imejaa udongo hadi viwikoni. Ulikuwa umeingia chini ya kucha, kwenye mistari ya viganja, umeifunika pete yake ya ndoa. Shuka lilikuwa safi. Sakafu ilikuwa safi.

"Nimelala tu," akaninong'oneza. "Akech, si umeniona? Nimelala tu hapa."

Nilikuwa nimemwona. Udongo wa Komarock ni mweusi, mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu hadi uvue. Ule ulikuwa mwekundu, na ulikuwa bado mbichi.

Nikaenda nikaleta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, nikaliweka mbele yake. Aliitazama ile mikono muda mrefu. Akaileta karibu na uso, akainusa, akaanza kulia bila sauti.

Akakataa kunawa.