Jina la Émérence kwenye Mashine

Asubuhi ile ya Jumamosi soko la Kikula lilikuwa limefurika hadi barabarani, na Émérence alikuwa na hasira tayari. Unga umepanda tena, sabuni imepanda, na muuza mawese alimjibu kama anayefukuza ombaomba. Kwa hiyo baiskeli ilipomgonga nyuma ya goti na nyanya zake zikamwagika mavumbini, hakuangalia kwanza ni nani.

"Weye! Macho umeacha ku nyumba?"

Mwenye baiskeli alikuwa kijana mrefu aliyevaa koti la jinzi na viatu vyeupe vya Johannesburg ambavyo vumbi la Likasi lilikuwa halijavizoea. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga kioo kikubwa cha kompyuta kwa mipira ya matairi, na watoto, wazee na wauza samaki walikuwa wanamfuata.

"Papa, ile televizyo leo inaonyesha match gani?"

"Haiko televizyo," kijana alisema, jasho likimtiririka. Alikuwa amelisema neno hilo tangu kona ya kwanza.

"Ni ekran ya kompyuta," Émérence akasema huku anaokota nyanya. "Na umeifunga mubaya. Mbele ufike Shituru itakuwa vipande."

"Nani alikuambia minaenda Shituru?"

"Kompyuta iko wapi tena hapa? Wezi walibeba yote. Zenye zilibakia ziko ku Comptoir Kasonga, na muntu mwenye anazichunga ni minye."

Kijana alimtazama upya. Alimwona binti aliyejifunga kikwembe cha bluu, mwenye nywele zilizosukwa vizuri na uso usiotaka mchezo. Akacheka, akaegesha baiskeli, akainama kwa muuzaji wa jirani kumchagulia nyanya nyingine za kumlipa. Alichagua mbovu zote.

"Ulisoma nini kule Johannesburg?" Émérence aliuliza, akizirudisha moja moja. "Nyanya hawakukufundisha?"

Jina lake lilikuwa Rolly. Comptoir Kasonga, nyumba ya kuuza unga, saruji na vipuri kule Shituru karibu na reli, ilikuwa imemwita arudi nyumbani kuzipanga mashine zake. Jumatatu Émérence alimkuta ameketi kwenye kiti chake yeye, na hapo ndipo walipogombana kwa mara ya pili.

Kulikuwa na mashine tatu, na kila moja ilikuwa na lugha yake. Ya ghala ilikuwa kompyuta kuukuu ya Unix iliyoachwa na Wabelgiji, ambayo Émérence aliiita Muzee. Ya mishahara ilikuwa Windows, na ilikuwa katika jengo la pili la uwanja. Ya ofisi Rolly aliijenga mwenyewe kwa vipande, akaitia Linux. Kabla yake, tatizo likitokea, Émérence alivuka uwanja kwa jua na kwa mvua, akaenda kukaa mbele ya mashine husika na kuongea nayo kwa lugha yake. Rolly aliunganisha majengo yote kwa waya, akaweka programu aliyokuja nayo, na sasa zote tatu zilionekana katika ukurasa mmoja, kama kurasa za intaneti ambazo watu wa Likasi walikuwa wanazisikia tu. Kutoka kompyuta yoyote ya uwanja ule mtu aliweza kuona mashine gani imechoka, akaiongezea mtumiaji, akaiwasha upya au akaizima. Lugha ya mashine haikuwa shida yake tena, ilikuwa shida ya ukurasa.

"Na minye nitatembea wapi tena?" Émérence aliuliza.

"Utatembea na minye. Dimanche, tukitoka messe ku kanisa."

"Haujaniuliza kama minataka."

"Unataka?"

Alitaka. Kwa nini afiche? Alitaka tangu zile nyanya mbovu.

Wakapendana kwa simu ya ndani, kwa kuwa yeye alifanya kazi jengo moja na Rolly jingine. Simu ililia mchana kutwa.

"Allô, ghala? Kuko shida ku mashini."

"Shida gani, monsieur?"

"Inakosa kuona sura yako."

"Ambia mashini ikunywe mayi, itapona."

Jumapili walishuka pamoja kutoka kanisani, yeye amejifunga kikwembe kipya na Rolly amevaa tai, na akina mama wa Kikula wakawafuata kwa macho hadi kona. Baba yake Émérence, Papa Gracien, aliyekuwa fundi kabla kazi hazijafa, alianza kunyoa ndevu kila Jumapili. Mshahara wa Émérence, mdogo na wa kuchelewa, ndio uliolisha nyumba ile nzima. Kila mtu nyumbani alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Halafu Rolly alileta majina. Katika ukurasa, kila mtu alipewa jina lake na neno lake la siri, ili ukurasa ukumbuke nani amefanya nini.

"Na kama Papa Lambert wa ku ghala anasahau yake?" Émérence aliuliza.

"Atakumbuka. Ni muntu mukubwa."

Rolly hakuwepo miaka ile mji ulipoporwa na kazi zikafa. Hakujua jinsi watu wa Comptoir walivyoishi baada ya hapo. Leo huyu yuko shambani, kesho yule yuko matangani, mwingine amekwenda ziwa la Tshangalele kutafuta samaki wa kula nyumbani, na yule aliyekuja kazini ndiye aliyefanya kazi ya wote. Funguo zilikuwa za wote, na maneno ya siri vilevile. Kumnyima mkubwa wako neno la siri kulikuwa sawa na kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Lambert, mkuu wa ghala, mtu wa umri wa baba yake Émérence, alilisahau neno lake wiki ileile. Akamwomba Émérence lake, na Émérence akampa, kama anavyompa mtu chumvi mezani. Hakulifikiria tena.

Ijumaa moja simu ililia, na sauti ya Rolly haikuwa ya mchezo.

"Chérie, directeur, mukubwa wa Comptoir, anasema ukurasa ukishatembea muzuri, batu watapunguzwa ku mashini."

"Batu gani? Ku mashini tuko weye na minye."

Rolly alikohoa tu kwenye simu. Na hicho kikohozi, jamani, wanaume wanakitoa wapi?

"Aha. Na weye ulimujibu nini?"

"Nilisema tutaangalia."

"Tutaangalia! Basi nitazizima zote leo, tuone ukurasa wako utaangalia nini!"

Akaibamiza simu chini. Alikuwa amesema kwa hasira, kama mtu anavyosema atamla mwanawe akivunja sahani. Akachukua mkoba, akaondoka kabla ya wenzake, akatembea hadi Kikula bila kumsalimu mtu njiani.

Jumatatu alifika, akaketi, akaandika jina lake. Ukurasa ukamkataa. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi. Ukamkataa. Kupitia dirisha aliona wanaume wa ghala wamekaa juu ya magunia wakihesabu kwa vidole, kwa sababu Muzee alikuwa amezimwa tangu Ijumaa na alikuwa hataki kuamka.

Rolly aliingia amevaa shati lake jeupe la Jumapili, siku ya Jumatatu, na hapo Émérence alijua kwamba Rolly anatoka kwa directeur.

"Jina yangu iko wapi?"

"Émérence, tuseme pole pole..."

"Jina yangu iko wapi?"

"Nilifunga. Directeur aliuliza mbele ya bote nani alizima Muzee. Nilifungua ukurasa. Ilikuwa jina yako. Vendredi ile, tulipomaliza kusema ku simu. Nilisoma tu venye ilikuwa."

"Ulisoma tu."

"Ulisema utazizima! Masikio yangu ilisikia!"

Émérence alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. Hakupiga kelele bado. Sauti ilitoka chini, na ilikuwa mbaya zaidi hivyo.

"Hapa mu Comptoir, nani alifundisha bote kama Muzee haizimwe? Kama disque yake imechoka, ukiizima haiamke tena? Nani alikuambia weye, siku ya kwanza?"

Rolly aliinama kuokota kiti kilichoanguka.

"Ni minye! Miaka yote ile, courant ya umeme inakatika, minakimbia mu mvua juu ya ile mashini! Nitaiua na mikono yangu juu ya kukukasirikia weye? Weye uko nani?" Hapo sasa alipiga kelele, na wale wa magunia wakaacha kuhesabu. "Kikula ni hapo tu! Ulikuwa na baiskeli! Ulishindwa kuja kuniuliza?"

Akafukuzwa kazi siku hiyo. Kabla hajafika nyumbani, habari ilikuwa imefika. Mwanamke mmoja kisimani alimwambia pole kwa sauti ya kufurahi, na Papa Gracien alikuwa ameketi nje na mikono juu ya magoti. Émérence alilia kwa hasira tupu. Alilia kwa ajili ya unga wa nyumba ile, na kwa ajili ya Jumapili zote alizotembea na yule mtu mbele ya macho ya watu. Alimchukia. Na kwa kuwa alikuwa bado anampenda, alimchukia mara mbili.

Alikaa siku chache, kisha akarudi kuchukua vitu vyake: kikombe, sandali za mvua, sweta. Rolly alikuwa ndani peke yake, hajanyoa, Muzee amefunguliwa mbavu mbele yake juu ya meza.

"Chérie..."

"Usiniite vile. Minachukua kikombe yangu, minaenda."

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni Lambert, mabuti yamejaa udongo mwekundu. Alikuwa ameondoka kwenda shambani jioni ya Ijumaa ileile na alikuwa amerudi asubuhi ile, moja kwa moja hadi ofisini kwake.

"Bonjour, mwanangu Émérence. Mot de passe yako, ile neno ya siri, imekuwa namna gani? Tangu asubuhi minaandika, inanikatalia."

Rolly aliweka bisibisi mezani taratibu.

"Papa Lambert, unaingiaka na jina ya nani?"

"Ya mutoto huyu. Yangu nilisahau zamani. Hata vendredi niliingia nayo: courant ilikuwa inacheza, taa inakuwa nyekundu, nikawaza Muzee ataungua. Nikamuzima pale pale mu bureau yangu, bila kuvuka uwanja. Ukurasa yako ni muzuri sana, Rolly." Akawatazama wote wawili. "Nilifanya mubaya?"

Émérence alikikumbuka kile alichompa Lambert, siku ile, kama chumvi. Lakini kukumbuka hakukumpoza. Alimgeukia Rolly, ambaye alikuwa amesimama na mikono imefunguka, uso umemshuka.

"Émérence, nisamehe. Sasa minaona."

"Sasa unaona! Ukurasa ulisema, ukaamini. Papa Lambert anasema, unaamini. Mu Likasi nzima muntu mwenye haukuuliza ni minye peke yangu."

Rolly alikwenda na Lambert kwa directeur akasema kosa ni lake. Directeur alifikiria kumfukuza Lambert, kisha akafikiria nani mwingine anajua kila gunia liko wapi, na ghafla akagundua kwamba Muzee amekufa kwa uzee. Ndivyo ilivyo. Binti akishukiwa, mashine imeuawa. Mkuu wa ghala akishukiwa, mashine imejifia yenyewe. Hata hivyo, Émérence aliitwa arudi, na jina lake likafunguliwa.

Simu ya ndani ikalia.

"Allô, chérie..."

"Mashini gani iko na shida, monsieur?"

"Haiko mashini. Ni minye."

"Shida ya batu haiko kazi yangu." Akakata. Ikalia tena, akakata tena. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Lambert akamwambia Rolly kwa huruma: "Mwanangu, acha simu. Uko na miguu."

Jumapili moja baada ya misa, Rolly alifika Kikula amevaa tai, akifuatana na mjomba wake Dominique na kreti ya bia ya kubisha hodi, ambayo baba wa binti huinywa tu akiikubali posa. Papa Gracien aliwapa viti. Majirani wakakumbuka kazi za kufanya karibu na ua. Kwa desturi mchumba hafungui kinywa, kwa hiyo Rolly aliketi macho chini, na mjomba Dominique ndiye aliyeongea. Aliongea vizuri, mtu yule. Alisifu nyumba, akasifu malezi, akagusia kwamba vijana hukosana na Mungu husamehe.

Papa Gracien alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafanya kama baba yeyote anavyofanya: akamwita binti yake mbele ya watu wote.

"Émérence. Hawa batu wameleta kinywaji. Nikunywe ao nisikunywe?"

Émérence alisimama mlangoni na kikwembe chake cha bluu. Alimtazama mjomba, kisha akamtazama Rolly, na hasira yote ya Jumatatu ile ilikuwa bado kifuani mwake, nzima.

"Papa, ngojea kwanza. Kuko kintu huyu alitakiwa kuniuliza minye, na hakuniuliza. Aniulize leo. Na kinywa yake mwenyewe, haiko ya mujomba Dominique. Na bale bote bako ku ua ya lupango wasikie, sababu bale ndio walisikia nilifukuzwa."

Mjomba akafungua kinywa. Papa Gracien akainua mkono, na mjomba akakifunga.

Rolly alisimama. Ilimchukua muda, kwa kuwa alijua swali ni lipi, na alijua kwamba kuliuliza ni kukiri mbele ya Kikula nzima kwamba hakuwahi kuliuliza.

"Émérence. Ni weye ulizima Muzee?"

"Hapana," Émérence alisema.

"Minakuamini."

Émérence alifuta macho kwa ncha ya kikwembe, haraka haraka, kwa hasira ya kuonekana analia.

"Papa," akasema, "kunywa."