Kinyonga Aliyeitwa Shimba

Macho ya kinyonga hayasikilizani. Moja linatazama mbele, jingine linazurura huko nyuma, na ndiyo sababu watu wengi hawataki hata kumsogelea. Basi siku ya nne tangu vinyonga watatu wa Queen waingie kwenye nyumba mpya ya Buswelu, mama yake, Modesta, alirudi ndani kutoka kuanika nguo akakuta macho yote sita yametazama mahali pamoja. Yalikitazama kigoda kitupu kando ya mlango wa jikoni. Alipiga makofi, akapunga kanga mbele yao. Hakuna jicho lililogeuka.

Kigoda kilikuwa cha Shimba, kitindamimba wake, aliyezama ziwani mwaka juzi akiwa na miaka mitano. Walimtafuta siku tisa, wakaacha. Queen, dada yake wa miaka tisa, tangu siku ile alikuwa akila kwa kulazimishwa na kuongea kwa kuvutwa maneno. Walipokuwa wanafunga vyombo kuhama Mabatini, mtoto akawaona vinyonga wachanga kwenye ua wa miti, wadogo kama kidole, akacheka. Kucheka! Modesta huyu ninayemsema akimwona kinyonga huvuka barabara, lakini siku hiyo alijikaza akasema haya, wachukue.

Mumewe, Luhende, ni bwana mifugo, na kazi yake anaijua. Aliwatengenezea kila mmoja kizimba chake cha wavu, akaweka matawi mabichi, akatundika vitambaa katikati ili wasionane. Alimfundisha Queen kunyunyizia majani asubuhi na jioni, maana kinyonga hanywi kwenye bakuli, na kuwatafutia inzi wadogo. Akaonya kwamba wiki mbili za mwanzo asiwashike kabisa, mpaka wazoee nyumba.

Kosa halikuwa la Luhende wala la mtoto. Queen alimwita yule mdogo kuliko wote Shimba, na hilo peke yake lingepita. Sasa kwao Luhende, huko Misungwi, ng'ombe akipewa jina la marehemu hupokewa mlangoni: mwenye mji hujaza mdomo maji ya unga wa mtama, humpulizia, humwita jina mara tatu na kumwambia hapa ni kwenu. Modesta alikuwa amemwona mama mkwe wake akifanya hivyo. Kwa kutaka tu binti yake acheke tena, akamfanyia vilevile yule kinyonga mdogo, mlangoni, mwanzo hadi mwisho. Mtu mzima na akili zake! Ng'ombe huitwa jina la mzee aliyezikwa, watu wakamlilia wakamaliza. Shimba alizikwa wapi?

Baada ya siku ile ya kigoda ikaja harufu, ya tope na magugu maji, ndani ya nyumba ambayo kutoka barazani ziwa hulioni hata kwa mbali. Queen akiamka kunyunyizia majani anakuta yameshalowa, yanadondosha. Kinyonga wa kwanza akawa mweusi kama mkaa, akafa. Wa pili naye vilevile. Luhende alisema ni woga, mnyama mchanga akihamishwa hufa kwa woga. Modesta akamuuliza, woga wa nini? 

Yule mdogo akanenepa. Na mchana mmoja wa jua kali, saa nane, Modesta akiwa anachambua mchele alisikia Queen anaongea chumbani, akafurahi kwanza, kisha akasikia sauti ya pili ikijibu, ndogo, yenye kikohozi cha maji, akainuka na ungo mkononi, akasukuma mlango, akamwona binti yake amepiga magoti mbele ya kizimba, na ndani yake kinyonga amegeuka njano mwili mzima na mstari wa bluu umempita kifuani, njano ileile na bluu ileile ya fulana ambayo Shimba alivaa akienda ziwani, na mchele ukamwagika wote asijue.

"Anasema hapa bado hajazoea," Queen alinong'ona. "Anataka nimsindikize kule kwenye maji. Jumamosi."

Modesta akamvuta mtoto kifuani. Nyayo za Queen zilikuwa na tope jeusi, bichi.

Luhende alimpigia simu mama yake siku hiyohiyo. Bibi Kashindye alifika Ijumaa asubuhi, akaitikia shikamoo bila kukaa, akakataa hata chai. Alikitazama kizimba, akanusa, akamshika Modesta mkono.

"Mama Queen, mwanao hayumo humu. Hili ni jini la ziwani. Limesikia jina linaitwa mlangoni, likaitika."

Akamweleza kwamba aliyelikaribisha ndiye wa kulifukuza. Atapuliza maji matupu na kusema mara tatu kwamba hapa si kwao na yeye si mama yake. Wengine watageuza mgongo, kwa kuwa mfukuzaji hatazamwi.

"Ukiishia njiani," bibi alisema, "litatoka kwa mnyama tu. Nyumbani litabaki."

Wakageuka. Bibi akajitanda kanga mpaka masikioni. Modesta aliweka kizimba mlangoni, akapuliza maji, akasema mara ya kwanza. Njano ikafifia. Akasema mara ya pili.

"Mama," sauti ikatoka kwenye majani, chini chini. "Mama, huku baridi."

Ilikuwa sauti ya Shimba. Mama gani angeikosea? Modesta alipuliza maji mara ya tatu. Midomo ikacheza, lakini neno halikutoka. Lilikwama pale aliposikia lile neno baridi. Kinyonga akaachia tawi, akaanguka chini, amekufa.

"Umemaliza?" bibi aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Vizimba vilichomwa. Bibi Kashindye aliondoka na kigoda kwenye mfuko wa salfeti. Jumamosi ikapita, mtoto yumo ndani, na Modesta akalia kwa shukrani. Jumapili Queen alikula sahani mbili za ugali, akaomba na samaki wa baba yake, Luhende akacheka kwa mara ya kwanza tangu wahamie.

Mchana Modesta akamwita amsuke. Queen alikuja akaketi sakafuni kando ya mlango wa jikoni, palepale kigoda kilipokuwa. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Modesta alimshika kidevu amgeuze uso. Jicho la kulia lilimtazama yeye, na la kushoto likaondoka lenyewe, polepole, likaenda kutazama mlangoni.

"Mama," alisema, akakohoa maji. "Sasa nimezoea."