Kanda ya Kurudi

Ijumaa ile nilifika kwetu jua linazama, mkono mmoja nimebeba pampasi za watu wazima, mwingine makopo ya samaki. Kutoka mjini Kuching, ninakofanya kazi, ni mwendo wa saa tano, basi halafu pikipiki. Nyumba yetu ndefu, ya familia nyingi chini ya paa moja juu ya nguzo, ina milango ishirini na miwili, na siku hizi inayofunguliwa ni miwili tu: wa mama yangu, na wa Mama Ngindang, anayemtunza nikiwa kazini.

Mama Ngindang alikuwa barazani anachambua mchele.

"Mizigo yote hiyo peke yako," alisema. "Mume wa kukubebea bado yuko dukani?"

"Saizi yangu iliisha."

Alicheka. Kisha akaona spika ndogo inachungulia kwenye mkoba wangu, na kicheko kikakatika.

"Senia. Usiniambie umeileta ile sauti."

Nilikuwa nimemsimulia kwenye simu. Mdomo wangu huu.

Mama yangu alikuwa mwombolezaji. Kwetu mtu akifa, mwombolezaji huketi kando ya maiti akaimba usiku kucha, na roho yake humsindikiza marehemu njia nzima mpaka ng'ambo, ikitaja kila mto na kila daraja. Kabla hakujapambazuka lazima aimbe safari ya kurudi. Asipoiimba, roho yake inabaki huko huko.

Mwaka 1978, nikiwa na miaka minane, alikuja bwana mmoja msibani kurekodi nyimbo za kale. Mama ndiyo kwanza amefika ng'ambo, kanda ikaisha. Yule bwana akamwomba kwa heshima zote anyamaze kidogo, aweke nyingine. Mashine ikakwama. Mama, kwa haya ya kumkatalia mgeni, akanyamaza... akangoja... mpaka kukakucha.

Hajasema neno tangu siku hiyo. Anakula ukimlisha. Anakutazama kama anavyotazama ukuta. Nimekua nikimwita mtu asiyeitika, na sioni aibu kusema nimechoka. Hata kazi ya maktaba ya sauti niliitafuta kwa ajili yake. Miaka thelathini nasafisha kanda za watu waliokwisha kufa, nasikiliza kuku wao, vikohozi vyao, vifuniko vya sufuria zao nyuma ya nyimbo, namtafuta mama. Mwezi uliopita, ndani ya boksi lililoota ukungu, nikampata. Msiba mwingine, wa zamani zaidi. Safari nzima, kwenda na kurudi.

"Sauti hiyo haichezwi kwenye nyumba isiyo na maiti," Mama Ngindang alinong'ona.

"Sitacheza ya kwenda. Nitacheza ya kurudi tu."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitampoteza nani, Mama Ngindang? Nina nani?"

Alichukua ungo wake, akaingia kwake, akafunga mlango.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka wake. Nilimlisha uji, nikamfuta mdomo, nikaketi karibu. Nikabonyeza.

Mkwaruzo wa kanda... kikohozi cha mwanamume... mbwa kwa mbali. Kisha sauti yake. Changa, nyembamba. Ofisini nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi kwa hedifoni, lakini mle chumbani ilikuwa na pumzi.

Iliimba daraja. Mto. Njia panda. Ilikuwa inakuja huku.

Mbwa akabweka kwenye kanda.

Kisha akabweka chini ya sakafu yetu.

Hatufugi mbwa.

Harufu ya taa ya mafuta ikajaa chumbani, na nyumba hii ina umeme tangu nikiwa sekondari. Huko barazani mbao zikaanza kulia. Mwisho kabisa wa nyumba... katikati... mlango wa jirani. Hatua nyepesi, za mtu aliyetembea sana.

Zikasimama mlangoni petu.

Kanda ikaisha. Vidole vya mama vikanishika mkono.

Macho yake yalikuwa yananiona. Miaka arobaini na sita sijaonwa na macho yale. Nililia bila kujizuia, mwanamke mzima na mvi zangu.

"Mama," nilisema. "Umerudi."

"Nimerudi." Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye kanda, lakini ilitoka kwenye kinywa kisicho na meno. "Njia ilikuwa ndefu. Samahani, shangazi... wewe ni mgeni wa chumba gani?"

"Mimi ni Senia. Mwanao."

Alicheka kwa adabu, kama msichana anayetaniwa na mtu mzima asiyemjua.

"Mimi sijazaa, shangazi."

Nikamtajia baba. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Unggat. Akafunika mdomo kwa kiganja, akaona haya.

"Nani kakupa habari za Unggat? Hata kuja kuniposa bado."

Juu ya boksi la kanda paliandikwa 1969. Mimi nimezaliwa 1970. Mwaka ule niliunakili kwa mkono wangu kwenye daftari la maktaba, na kwa furaha ya kumpata sikuwaza lolote.

Nilitoka mbio barazani kumwita Mama Ngindang. Huyu alinibeba mgongoni. Huyu alinifundisha kupika wali. Nilimkuta amesimama mlangoni pake, taa ya mafuta mkononi. Alinimulika usoni, akanitazama kwa muda mrefu na kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyepotea njia. Nilitaja jina lake. Alitikisa kichwa taratibu, kisha akapaza sauti kupita bega langu, akimuuliza mama.

Maisha yangu yote amemwita Mama Senia, kamwe si kwa jina lake la usichana.

"Lenja," alisema, "huyu mgeni wako atakula, au nimtandikie tu mkeka hapa nje?"