Jiwe la Swaumu

Kiroba kilipasuka katikati ya soko la Maili Moja, mawe meupe makavu yakamwagika juu ya viatu vipya vya Zubeda. Badala ya kukasirika, akacheka. Mwenye kiroba, Mudathir, kijana wa Kisarawe aliyekuwa na vumbi kwenye kanzu yake ya Ijumaa, aliomba radhi mpaka akatia huruma. Alieleza kwamba anatengeneza matangi ya samaki wa maji ya chumvi, na hayo ni mawe ya kupanga chini. Zubeda akainama, akamchagulia yenye matundu mazuri, mengine akamwambia ayaache.

Mwaka haukuisha, posa ikawa imepokelewa, na tangi la kioo limesimama ndani ya saluni ya Zubeda kule Tangini. Lilikuwa na maji ya chumvi na mawe yaleyale ya sokoni, samaki hakuna.

"Vuta subira, laazizi," Mudathir alimwambia. "Haya mawe hayana uhai. Tunahitaji moja lililo hai juu yake, liyaambukize mengine. Samaki baadaye."

Akalileta limefungwa kwa taulo bichi. Lilikuwa la zambarau, lina vidudu vya manyoya vilivyochungulia na kujificha. Wateja waliacha kusukwa wakasogea kulitazama. Zubeda aliuliza limetoka wapi, na Mudathir, mtu asiyejua kudanganya hata pale inapofaa, akajibu limetoka kwenye tangi la Swaumu, Kisarawe. Swaumu alikuwa mchumba wake wa zamani.

Aliyesema wivu ni kidonda hakukosea. Kila jioni Mudathir akiingia saluni, dera jipya la Zubeda halioni. Macho yanakwenda kwanza kwenye jiwe la Swaumu. Simu yake ikiita, Zubeda anachungulia jina. Siku moja uvumilivu ulimshinda. Alilitoa jiwe, akalisugua kwa sabuni ya unga, akalianika juani kutwa nzima, kisha akalirudisha majini.

Mudathir aliligusa, akanusa vidole. "Umelifanya nini?"

"Lilikuwa chafu."

"Huo uchafu ndio uhai wenyewe, Zubeda. Ndio unaosafisha maji samaki wasife." Hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu kwamba unaumia."

Akaondoka, na simu zake zikakoma. Zubeda alisuka nywele za watu huku moyo ukimwambia kwamba posa itarudishwa, na kosa ni lake mwenyewe.

Mwishowe alivaa baibui, akachukua ndoo yenye mfuniko, akaenda Kisarawe. Swaumu alimkaribisha ndani, naye alikuwa mzuri kuliko Zubeda alivyoogopa. Zubeda alieleza yote bila kujitetea. Swaumu akaingiza mkono kwenye tangi lake akatoa jiwe jingine.

"Aliponiambia lile linakwenda kwako," alisema, "hata mimi nilitamani kulianika. Chukua, dada, kabla sijabadili nia."

Alipotoka tu, Zubeda akampigia Mudathir.

"Uko wapi?"

"Kisarawe, kwa Swaumu. Nimekuja kuomba jiwe."

"Usilifunue, mpenzi wangu. Nakuja kukuchukua."

Jioni walibadilisha maji yote, Mudathir akaliweka jiwe juu ya mengine. Aliuliza kama kweli ataweza kuliona pale kila siku. Zubeda hakutaka kumdanganya. Wivu ulikuwa bado upo.

"Likae," alisema. "Lakini ya chini niliyachagua mimi."